Ubabe na alama za cheo katika makundi ya ndege wadogo

Ubabe na alama za cheo katika makundi ya ndege wadogo ni mada ya elimu ya mwenendo wa wanyama. Inahusu jinsi ndege wanaoishi pamoja wanavyojipanga kwa ngazi, yaani nani anampisha nani kwenye chakula, maji, mahali pa kulala au kiota. Inahusu pia jinsi baadhi ya ndege wanavyotangaza cheo chao kwa rangi au umbo la manyoya, bila kulazimika kupigana kila wanapokutana.

Ngazi ya namna hii inaonekana katika nyumba yoyote inayofuga kuku wa kienyeji. Mahindi yakimwagwa uani, kuku mmoja hula bila kusumbuliwa, wa pili humpisha wa kwanza lakini huwadonoa wengine, na kuku wa mwisho husubiri pembeni. Ndege wa porini kama vile kweche, mishigi, shomoro na kwelea wanapangana vilevile, ingawa kwao ni vigumu zaidi kuona mpangilio huo kwa sababu kundi huwa kubwa na halitulii.

Rangi kali ya ndege mara nyingi hudhaniwa kuwa alama ya ubabe. Utafiti umeonyesha kwamba dhana hiyo ni kweli kwa ndege wengine na si kweli kwa wengine. Aidha, pambo moja la ndege linaweza kusemesha madume wapinzani wakati pambo lingine la ndege yuleyule linasemesha majike.

## Istilahi

*Ubabe* katika mada hii ni uhusiano kati ya ndege wawili ambamo mmoja hushinda mara nyingi wanapogombea kitu kilekile. Kwa hiyo si tabia ya ndege peke yake. Ndege anaweza kuwa mbabe mbele ya mmoja na mnyonge mbele ya mwingine.

*Ngazi ya ubabe* ni jumla ya mahusiano hayo katika kundi zima. Ikiwa A anamshinda B, B anamshinda C, na A anamshinda C pia, ngazi imenyooka. Wakati mwingine hutokea mzunguko: A anamshinda B, B anamshinda C, lakini C anamshinda A.

*Alama ya cheo* ni sehemu ya mwili, kwa kawaida doa la rangi, ambayo ndege wengine huitazama na kukadiria uwezo wa mwenye nayo kabla ya kuamua kugombana au kupisha. Inafanana na alama za begani za askari: anayeziona hahitaji kumfahamu askari huyo binafsi ili ajue cheo chake.

*Pambo* ni neno pana zaidi. Lina maana ya rangi au umbo lolote la kujionyesha, liwe linahusu cheo, uchumba au kutambulishana.

## Historia ya utafiti

Mtu wa kwanza kueleza ngazi ya ubabe kwa utaratibu wa kisayansi alikuwa Thorleif Schjelderup-Ebbe (1894–1976) wa Norwei. Tangu utotoni alipenda kutazama kuku na kuandika nani anamdonoa nani. Matokeo yake aliyachapisha kwa Kijerumani mwaka 1922. Alionyesha kwamba katika kundi dogo kila kuku anamfahamu mwenzake, kwamba mpangilio wa kudonoana hudumu kwa muda mrefu, na kwamba mizunguko ya pembe tatu hutokea.

Kwa miaka mingi baadaye wataalamu walieleza ngazi kwa kumbukumbu: kila ndege anakumbuka nani alimshinda. Maelezo hayo yanatosha kwa kuku kumi wa uani. Hayatoshi kwa kundi la ndege mia kadhaa ambalo watu wake hubadilika kila siku.

Mwaka 1975 Sievert Rohwer wa Marekani alitoa wazo jipya. Alichunguza ndege mdogo aitwaye *Zonotrichia querula*, ambaye wakati wa baridi huishi katika makundi katikati ya Amerika ya Kaskazini. Ndege hao hutofautiana sana kwa kiasi cha weusi kooni na kifuani, na wenye weusi mwingi kwa kawaida huwashinda wenye weusi mchache. Rohwer alipendekeza kwamba weusi huo ni alama ya cheo: hata wageni wasiojuana wanaweza kupimana kwa macho. Tangu hapo wazo hilo limejaribiwa kwa ndege wengi duniani, wakiwemo wa Afrika.

## Faida na gharama za ngazi

Kuishi katika kundi kuna faida kwa ndege mdogo. Macho mengi humwona mwewe mapema, na chakula kilichotawanyika hupatikana haraka zaidi. Lakini kundi huleta pia ushindani. Ngazi hupunguza gharama ya ushindani huo, kwa sababu anayejua kwamba atashindwa hupisha kabla ya kuumizwa, na anayejua kwamba atashinda hapotezi nguvu.

Mbabe hula kwanza, hukaa mahali salama zaidi na kulala mahali pazuri zaidi. Mnyonge husukumwa pembeni. Hata hivyo mnyonge ana sababu za kubaki, kwa kuwa ndege mdogo aliye peke yake hukamatwa kwa urahisi zaidi.

Uchunguzi wa ndege wa misitu ya Skandinavia umeonyesha kwamba wanyonge wanaweza kubeba akiba kubwa zaidi ya mafuta mwilini kuliko wababe. Sababu yake ni kwamba mbabe ana hakika ya kupata chakula kesho, lakini mnyonge hana. Hivyo ndege aliyenona si lazima awe ndiye mkubwa wa kundi.

Ubabe nao una gharama. Katika baadhi ya ndege hao wa kaskazini, wababe walionekana kutumia nguvu nyingi zaidi hata wakiwa wametulia. Ndege *Chloebia gouldiae* wa Australia ana vichwa vya rangi tofauti zinazorithiwa, na wenye vichwa vyekundu huwashinda wenye vichwa vyeusi. Lakini madume wenye vichwa vyekundu wakizungukwa na wekundu wenzao, hutumia muda mwingi katika ugomvi na kupunguza malezi ya makinda.

### Ubabe si uongozi

Mbabe si lazima awe kiongozi wa safari za kundi. Jambo hili limeonyeshwa kwa kanga wa spishi *Acryllium vulturinum* huko Mpala, katika kaunti ya Laikipia nchini Kenya. Kanga si ndege wadogo, lakini mfano wao unasaidia. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, wababe walipohodhi sehemu yenye chakula, walionyimwa waliondoka, na kundi lote pamoja na wababe likawafuata. Mbabe alikuwa na nguvu juu ya chakula, lakini hakuweza kubaki nacho peke yake bila kundi.

## Mambo yanayoamua cheo

Cheo cha ndege hutegemea mambo kadhaa kwa pamoja:

* Ukubwa wa mwili. Mara nyingi mwenye mwili mkubwa hushinda, hasa pale ambapo rangi hazitofautiani sana.
* Umri. Ndege wa mwaka wa kwanza kwa kawaida huwapisha watu wazima.
* Jinsia. Katika ndege wengi madume huwashinda majike, lakini si wote.
* Kutangulia mahali. Aliyefika kwanza kwenye eneo au kundi ana nafasi nzuri zaidi kuliko mgeni.
* Historia ya ushindi. Aliyeshinda karibuni huelekea kushinda tena, na aliyeshindwa huelekea kupisha tena.
* Homoni. Testosteroni huongeza ukali wa madume wakati wa kuzaa. Katika kuku, homoni hiyo pia hukuza upanga, yaani nyama nyekundu ya kichwani, na kuku wenye upanga mkubwa mara nyingi huwa juu katika ngazi.
* Alama ya cheo, kwa ndege walio nayo.

## Sharti za kuitwa alama ya cheo

Kuona kwamba wenye rangi nyingi hushinda hakutoshi kuthibitisha kwamba rangi ni alama ya cheo. Huenda wenye rangi nyingi ni wazee zaidi au wakubwa zaidi, na ushindi unatokana na umri au mwili. Kwa hiyo watafiti huuliza maswali matatu:

1. Je, ukubwa au ukali wa rangi unaenda pamoja na ushindi hata pale ambapo umri, jinsia na ukubwa wa mwili ni sawa?
2. Je, rangi ikibadilishwa kwa mkono wa binadamu, kwa kupaka au kufuta, wapinzani hubadilisha mwenendo wao?
3. Je, rangi hiyo inaonyeshwa kwa wapinzani wakati wa ugomvi, au kwa majike wakati wa uchumba?

Swali la pili ndilo lenye uzito kuliko yote. Alama ni ujumbe, na ujumbe hupimwa kwa msikilizaji. Kama hakuna anayeujali, doa hilo ni rangi tu.

## Kwa nini udanganyifu hauenei

Doa la manyoya meusi au mekundu linaonekana kuwa kitu rahisi. Kwa nini basi kila mnyonge asiote doa kubwa na kupishwa na wote? Majibu makuu ni mawili.

Jibu la kwanza ni adhabu ya kijamii. Mwenye alama kubwa huvuta changamoto za wenye alama kubwa wenzake. Rohwer alilipima jambo hili. Wanyonge waliopakwa rangi nyeusi hawakupanda cheo, bali walishambuliwa na wababe wa kweli. Wababe waliofutwa weusi wao walilazimika kupigana zaidi ili watambuliwe. Katika jaribio lililofuata mwaka 1978, wanyonge waliopakwa rangi na pia kupewa testosteroni ndio waliopanda. Sura bila mwenendo haikutosha, wala mwenendo bila sura.

Jibu la pili ni gharama ya kutengeneza rangi. Rangi nyingi nyekundu, za chungwa na za njano hutokana na karotenoidi, na ndege hawezi kuzitengeneza mwilini mwake bila kuzipata katika chakula. Ndege mgonjwa au mwenye njaa hushindwa kuwa na wekundu mkali. Weusi na kahawia hutokana na melanini ambayo mwili hujitengenezea, na kwa sababu hiyo adhabu ya kijamii inafikiriwa kuwa muhimu zaidi kwa alama nyeusi.

Alama hutazamiwa kuwa na kazi kubwa zaidi kati ya wageni. Ndege wanaojuana kwa muda mrefu huongozwa zaidi na kumbukumbu ya ugomvi uliopita.

## Mifano ya Afrika

### Kweche kola-nyekundu

Kweche ni ndege wa jenasi *Euplectes* katika familia ya kwera. Kweche kola-nyekundu (*Euplectes ardens*) huishi katika nyasi ndefu za sehemu nyingi za Afrika, zikiwemo nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Wakati wa kuzaa dume huwa mweusi, ana mkia mrefu kuliko mwili wake na, katika eneo hili, utepe mwekundu shingoni. Jike ni kahawia mwenye michirizi.

Sarah Pryke, Staffan Andersson na wenzao walimchunguza ndege huyu nchini Afrika Kusini na kuchapisha matokeo kuanzia mwaka 2001. Waligundua kwamba majike walichagua madume kwa urefu wa mkia na hawakujali kola. Madume, kwa upande wao, walijali kola. Wenye kola kubwa na nyekundu zaidi ndio walioshika maeneo, na wasio na maeneo walikuwa na kola ndogo zaidi. Katika vizimba, madume waliokuwa katika manyoya ya kahawia walipakwa kola za rangi mbalimbali. Waliopakwa nyekundu waliwashinda waliopakwa rangi ya chungwa na walioachwa kahawia walipogombea chakula.

Watafiti hao waliona pia kwamba madume wenye mikia mirefu huelekea kuwa na kola ndogo zaidi. Inaonekana ndege hawezi kugharimia vyote viwili kwa kiwango cha juu.

### Kweche mkia-mrefu wa Kinangop

Kweche mkia-mrefu (*Euplectes progne*) ana mkia wa nusu mita hivi wakati wa kuzaa. Malte Andersson wa Uswidi alifanya jaribio mashuhuri katika uwanda wa Kinangop nchini Kenya, lililochapishwa mwaka 1982. Aliwakata mikia baadhi ya madume na kuwagundishia wengine vipande hivyo ili mikia yao iwe mirefu zaidi. Wengine aliwakata na kuwarudishia mikia yao ileile, ili kupima kama kushikwa na kukatwa pekee kunaleta tofauti.

Madume waliorefushiwa mikia walipata viota vipya vingi zaidi katika maeneo yao. Lakini waliofupishiwa mikia hawakunyang'anywa maeneo yao. Maana yake ni kwamba mkia huo, ingawa ni pambo kubwa kuliko yote ya ndege huyu, si alama ya cheo mbele ya madume. Ni pambo la uchumba.

### Chozi wa Mlima Kenya

Chozi *Nectarinia johnstoni* huishi katika milima mirefu ya Afrika ya Mashariki, na pia katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na Malawi. Dume ni kijani cha kung'aa, ana manyoya mawili marefu mkiani na vishada vyekundu pembeni mwa kifua, ambavyo huvifunua anapogombana. Madume hutetea maeneo yenye maua ya lobelia.

Matthew Evans na Ben Hatchwell walifanya majaribio kwenye Mlima Kenya na kuyachapisha mwaka 1992. Walipobadilisha ukubwa wa vishada, waliopunguziwa walishindwa kushika maua mengi kama waliokuwa na vishada vikubwa. Walipobadilisha urefu wa mkia, majike waliwapendelea wenye mikia mirefu. Mgawanyo wa kazi ni uleule uliopatikana kwa kweche kola-nyekundu: doa jekundu kwa wapinzani, mkia kwa majike. Ndege hawa wawili hawana ukoo wa karibu.

### Kwelea domo-jekundu

Kwelea domo-jekundu (*Quelea quelea*) anajulikana Tanzania kama adui wa mtama, uwele, ngano na mpunga, hasa katika mikoa ya kati na mabonde kama Mbarali. Huzaa katika makoloni yenye mamia ya maelfu ya viota, na wakati mwingine mamilioni. Wakati wa kuzaa madume hutofautiana sana: wengine wana uso mweusi, wengine mweupe, na vifua vyao huanzia njano hafifu hadi nyekundu.

Mtu angetazamia kwamba ndege wenye msongamano mkubwa kama huo wangekuwa na alama za cheo. Lakini James Dale, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, hakuona uhusiano kati ya rangi hizo na ubora wa dume. Maelezo yaliyopendekezwa ni kwamba tofauti hizo ni za kutambulishana, kama sura za watu. Dume anayejenga kiota kando ya majirani wengi ana faida akitofautishwa na mgeni anayetaka kuiba nafasi, kwa kuwa jirani anayefahamika hahitaji kufukuzwa kila dakika. Hivyo wekundu wa kwelea na wekundu wa kweche hufanana machoni pa binadamu, lakini ujumbe wake ni tofauti.

### Mshigi

Mshigi *Estrilda astrild* ana mdomo mwekundu, utepe mwekundu machoni na wekundu tumboni. Dume na jike hufanana sana. Ni ndege wa Afrika kusini kwa Sahara, lakini aliingizwa Ureno katika karne ya 20 na ameenea huko. Uchunguzi uliofanywa Ureno kwa ndege waliofungiwa ulionyesha kwamba cheo katika kundi lilihusiana na ukubwa wa mwili.

## Shomoro wa nyumbani: mfano uliotikisika

Shomoro wa nyumbani (*Passer domesticus*) dume ana doa jeusi kooni. Aliletwa Zanzibar takriban mwaka 1900 na tangu hapo ameenea katika miji mingi ya bara. Kuanzia miaka ya 1980, kutokana na kazi ya Anders Pape Møller wa Denmark na wengine, doa hilo lilifundishwa vitabuni kama mfano bora wa alama ya cheo duniani.

Mwaka 2018 Alfredo Sánchez-Tójar na wenzake walikusanya matokeo yote yaliyopatikana, yakiwemo ambayo hayakuwahi kuchapishwa, na kuyapima pamoja. Walikuta kwamba uhusiano kati ya ukubwa wa doa na ubabe ulikuwa mdogo na usio na uhakika. Walionyesha pia kwamba majaribio yaliyounga mkono wazo hilo yalikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuchapishwa kuliko yale yaliyolikana. Kwa miaka 30 hivi wanafunzi walijifunza kama jambo lililothibitishwa kitu ambacho ushahidi wake ulikuwa dhaifu.

Matokeo hayo hayakanushi kuwepo kwa alama za cheo. Ushahidi wa kola ya kweche unatokana na majaribio yake yenyewe. Yanaonyesha kwamba kila spishi ipimwe peke yake, na kwamba matokeo ya "hapana" yahifadhiwe sawa na ya "ndiyo".

## Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa

Wilaya ya Mbinga katika Mkoa wa Ruvuma ina milima ya Umatengo, ambako Wamatengo hulima kwa ngoro, yaani mashimo yanayozungukwa na matuta kwenye miteremko mikali. Upande wa magharibi ardhi hushuka hadi Ziwa Nyasa, lenye uso ulioko takriban mita 470 juu ya usawa wa bahari. Huko ni Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga, yenye miji ya Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Umbali si mkubwa, lakini mtu hutoka kwenye kahawa na maharage ya milimani hadi kwenye mihogo na mpunga wa ufukweni.

Katika ukanda huu mvua ni ya msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Msimu huo huamua maisha ya kijamii ya ndege wadogo.

Wakati wa mvua nyasi huwa ndefu na mbegu mbichi ni nyingi. Kweche madume huvaa rangi, hugawana mabonde ya nyasi na kuonyeshana. Katika kipindi hiki kola nyekundu ya *Euplectes ardens* ina kazi. Kwera nao hujenga makoloni kwenye miti na matete, kila dume akitetea tawi lake.

Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, hali hugeuka. Kweche kola-nyekundu hupoteza kola na mkia mrefu, na dume hufanana na jike. Ndege wa kahawia wa spishi mbalimbali huungana na mishigi na tongosimba (*Spermestes cucullata*) katika makundi yanayookota mbegu kwenye mabua, kando ya matuta na njiani. Chakula hupungua wakati uleule ambapo alama nyingi zimeondoka. Hapo cheo hutegemea zaidi ukubwa wa mwili, umri, kutangulia na kufahamiana.

Baadhi ya kweche hawapotezi alama zote. Kweche njano (*Euplectes capensis*) wa nyanda za juu hubaki na njano mgongoni juu ya mkia na begani hata akiwa katika manyoya ya kahawia, na *Euplectes axillaris* hubaki na doa la begani. Shomoro wa kichwa cha kijivu anayeishi vijijini hana doa jeusi kooni, na dume na jike wanafanana.

Mabonde yenye nyasi ndefu na maji ndiyo maeneo ambayo madume wa kweche hugombea. Ni mabonde hayohayo yanayofaa kwa bustani za kiangazi na mpunga. Nyasi zote za bonde zikifyekwa kabla makinda hawajaruka, viota vya msimu huo hupotea pamoja na maeneo yenyewe. Kuacha ukanda wa nyasi kando ya kijito hadi mwisho wa mvua hubakiza sehemu ya kuzalia, na pia huzuia udongo usichukuliwe na maji.

## Kuchunguza ngazi ya ubabe

Ngazi inaweza kuchunguzwa bila vifaa vya gharama, na kuku wa nyumbani au wa shule ni mwanzo mzuri. Kila kuku hutambuliwa kwa rangi yake au kwa pete ya uzi mguuni isiyobana. Chakula kidogo huwekwa mahali pamoja, kwa sababu chakula kikitapakaa ugomvi hupungua na ngazi haionekani. Mtazamaji huandika kila tukio la kudonoa, kufukuza au kupisha, akitaja mshindi na mshindwa.

Matukio huingizwa katika jedwali lenye washindi upande wa kushoto na washindwa juu. Majina hupangwa upya mpaka matukio mengi yakae upande mmoja wa mstari wa mshazari. Yaliyobaki upande wa pili ni mizunguko, au mahusiano ambayo bado hayajaamuliwa.

Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza ni kuhesabu ndege mmoja mgomvi mara nyingi na kudhani kwamba ndiye mbabe, ilhali ugomvi mwingi ni tofauti na ushindi mwingi. La pili ni kuacha kuandika matukio ya kupisha kimya kimya, ambayo mara nyingi ndiyo mengi kuliko kupigana. La tatu ni kuamua cheo kwa rangi kwanza, kisha kuona ushindi pale tu unapolingana na rangi hiyo.

Kwa ndege wa porini, kumtambua kila mmoja huhitaji pete za rangi miguuni. Kazi hiyo hufanywa na wataalamu wenye kibali. Mtazamaji wa kawaida anaweza kuandika mambo mengine yenye faida: tarehe ambayo kweche wa bonde fulani walianza kubadilika rangi, idadi ya madume waliosimama juu ya nyasi, nani alimfukuza nani kutoka kwenye tawi, na siku makundi ya kahawia yalipoanza kuonekana mashambani.